Jokofu Linaloatamia

Jokofu hili lilikufa Machi, gesi ikatoroka.
Fundi Odero akaligonga ubavuni, akasema: sasa hili ni kabati.
Nikamwambia, basi nitilie balbu mbili humo ndani,
feni ya kompyuta kuukuu, na kipimajoto.
Akacheka hadi bisibisi ikamtoka mkononi.
Kitu kilichogandisha nyama miaka tisa,
leo unakitaka kilee?

Kariobangi Kusini, ghorofa ya tatu.
Mayai thelathini yametoka Kangundo kwa shangazi,
yamefungwa magazeti, moja moja, kama vikombe vya arusi.
Nikayaacha usiku kucha, ncha chini, yapumzike safari.
Mutheu akayachora kwa penseli: huku jua, huku mwezi.
Asubuhi jua juu. Akirudi shule, mwezi. Kabla ya kulala, jua tena.
Akisahau, namwamsha.
Kuku, namwambia, hana likizo.

Bi Nafula akapita na karai lake la nguo:
"Kuku wa mkata hatagi, mama Mutheu,
na akitaga haangui."
Ndiyo maana, nikamjibu, sikununua kuku.

Siku ya saba nilizima taa,
nikayamulika kwa tochi ya simu.
Mengine yalikuwa na mishipa, myembamba
kama mizizi ya mchicha ndani ya chupa,
na katikati doa jeusi linarukaruka.
Mengine yaling'aa kama balbu mpya, hamna mtu ndani.
Moja lilikuwa na pete ya damu. Hilo nililishika muda mrefu.
Saba niliyatia mfukoni, nikafunga fundo.

Siku ya kumi na nne stima ikapotea.
Julai, saa tatu usiku, baridi ya kupasua midomo.
Nikapiga simu; sauti ikasema "tunashughulikia",
sauti ileile ya mwaka jana.
Thelathini na sita. Thelathini na nne. Thelathini na mbili.
Nikachemsha maji, nikajaza chupa za soda,
nikazivika soksi, nikazilaza kati ya mayai,
nikalifunika jokofu blanketi, kisha koti la marehemu,
ambalo sikuwa nimeligusa tangu mazishi.
Hodi mlangoni: Bi Nafula, birika lake linafuka mvuke.
Habari za mkata hakuzitaja.
Saa tisa balbu zikapepesa, zikawaka.

Siku ya kumi na nane hugeuzi tena.
Unaongeza bakuli la maji, unafunga mlango,
unaweka kiti mbele yake
ili mkono wako mwenyewe usikusaliti.

Ishirini na moja: kimya.

Ishirini na mbili, alfajiri, yai likalia.
Halijapasuka bado, likalia,
na yai la pili likalijibu.

Kumi walitoka kabla ya jioni, wamelowa, wabaya,
wanapepesuka kama walevi wa mwisho wa mwezi.
Wa kumi na moja alitoboa tundu la punje ya mahindi, akakwama.
Mdomo unatoka, unahema, unarudi.
Utando umemkaukia kama karatasi juu ya kidonda.
Awamu iliyopita nilisaidia. Nilibandua mapema;
damu ilikuwa bado kwenye ganda, haijarudi kwake,
akanifia kiganjani kabla chai haijapoa.
Safari hii nikaikalia mikono yangu.
Saa sita zikapita. Saa kumi na mbili zikapita.
"Mama, anachoka."
Najua.
"Mama, mbona huna huruma?"
Nikashindwa kumweleza kwamba hii ndiyo yenyewe.

Ilipotimu ishirini, utando mweupe, hauna uzi mwekundu,
nikachovya pamba kwenye maji vuguvugu,
nikalainisha ukingo. Ukingo tu.
Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe.

Vidole vya mguu wake wa kushoto vimekunja ngumi.
Nimemfunga plasta na kipande cha kadi ya simu;
anatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Daftarini nimeandika: thelathini. Kumi na moja.
Odero amekuja kuangalia, hakucheka.
Ameniuliza kama namjua mtu mwingine
mwenye jokofu bovu.